Damu Iliyolala Msituni

Ni mgeni gani haombi chakula, haombi maji, anangoja ulale ndipo ale, na akishashiba ni wewe unayehama nyumba? Aliyezaliwa ndani ya saruji afikiri kwanza. Aliyezaliwa nyumba ya udongo upande wa Kibombo ameshaanza kujikuna.

Ni papasi, ndiyo. Kadudu bapa ka rangi ya vumbi, kanalala katika nyufa za ukuta mchana kutwa, na kakikuuma kanakuachia homa isiyo na adabu: inakuja, inakwenda, unamshukuru Mungu, kisha inarudi kama mkwe aliyesahau fimbo yake. Tangu Kindu iitwe Kindu, papasi wamekula watu. Mtu wa kwanza kufikiria jinsi ya kula kwa mgongo wa papasi alikuwa Bulaimu.

Bulaimu alikuwa mrefu, mwenye shati jeupe na kalamu nne mfukoni, moja ikiandika. Msimwite mwizi. Mwizi huchukua gizani, haagi. Bulaimu alipewa, mchana, mikono miwili, na aliyempa alimsindikiza mpaka njiani. Alishamuuzia shehe mwenye upara mafuta ya kuotesha nywele. Alishauza viti vya dirishani katika treni ambayo haikuwa inakuja, na waliokosa viti walimnunia kwamba ana upendeleo.

Basi asubuhi moja gari jeupe lilisimama karibu na soko. Wakashuka watu wa uchunguzi na masanduku yao, na binti mmoja wa maabara, Divine jina lake, akashika kipaza sauti.

"Mama na papa, musiogope. Tunatafuta kingamwili za homa ya papasi. Muntu akipata ile homa, damu yake inatengeneza kingamwili, ni kama askari wa kupigana na ugonjwa. Ugonjwa ukiisha, askari wanabaki kwa muda, kisha wanapungua pole pole mpaka huwezi tena kuwaona. Tunachukua damu kidogo, tunaipima, tunaangalia kama wako. Tunataka kujua ugonjwa umeenea namna gani. Ni hiyo tu."

Kila aliyetoa damu aliulizwa: unakaa nyumba ya udongo? Wakati wa vita ulikimbia? Ulilala wapi? Kisha akapewa kipande cha sabuni.

Ee, jamani, ile sabuni! Wangechukua damu bila kutoa sabuni, mambo yangeishia pale.

"Kwa nini wanauliza habari ya vita?" alisema mama mmoja, akinusa kipande chake.

"Muzungu hakupi sabuni bure," alijibu mwenzake.

"Hakuna muzungu pale, mama. Wote ni watoto wa hapa."

"Muzungu iko nyuma. Siku zote iko nyuma. Hiyo ni fidia, nakuambia. Mwenye askari ndani ya damu ni yule alikimbia akalala pori; atalipwa mateso ya vita."

Kabla sabuni haijalowa maji, habari ilishavuka mto hadi Alunguli. Divine alirudia maneno yake mpaka sauti ikamkauka, lakini watu walishachukua nusu waliyoipenda na kwenda nayo nyumbani.

Bulaimu alikuwa amesimama pale kwa muuza ndizi, akisikiliza kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwenye redio. Kwamba askari wanabaki, alisikia vizuri. Neno lile la kupungua lilipita sikio hili likatokea sikio lile, bila hata kuketi.

Gari jeupe likaondoka. Kesho yake, katika chumba cha mbele cha dada yake Salama, maabara ikazaliwa.

Koti jeupe alilipata kwa muuza nyama, likafuliwa mpaka damu ikawa alama tu, na alama ile ikampa heshima. Mezani aliweka chupa mbili na katoni ya vipimo, vile vijidude vya plastiki vyenye kidirisha katikati. Mwenye duka la dawa alimwachia katoni hiyo kwa furaha, maana ilishapita tarehe. Vilikuwa vipimo vya mimba. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji ya mto. Chupa ya pili ilikuwa na mkojo wa Salama, ambaye tumbo lake lilishamtangulia mlangoni. Ukidondosha tone la chupa ya kwanza, mstari mmoja: negatif, hukulala msituni. Ukidondosha la chupa ya pili, mistari miwili: pozitif, pole sana kwa mateso, kuku muache hapo.

Tone la damu lilikuwa la kupendezesha tu.

Kumbe Kindu ilijaa mashujaa! Watu waliomaliza vita nzima Kinshasa wakisoma, leo walikuwa wamelala msituni kuliko nyani. Mwalimu mmoja alilia alipoona mistari miwili. Alisema siku zote alihisi kwamba aliteseka, sema alikosa ushahidi. Na kwa siri za kitabibu ambazo Bulaimu alizitunza moyoni, wanaume wengi wenye ndevu wa mji huu walikuwa na mimba.

Ndipo akaja Papa Onema.

Onema alikuwa na depo ya saruji na sukari, tumbo lililozoea kukaribishwa, na pikipiki nyekundu yenye tairi mpya ambayo aliifuta vumbi mwenyewe, kwa leso, mbele ya watu. Alifunga mlango nyuma yake.

"Dokta, ni kweli ile mashini yako inajua muntu mwenye alilala pori?"

"Papa, damu haina mudomo wa kudanganya. Mimi nauliza, yenyewe inajibu."

"Bon. Na kama nataka ijibu vile mimi napenda?"

Bulaimu alitazama dari kama mtu anayesoma maandishi huko. "Damu ya muntu mukubwa iko na adabu. Ukisema nayo muzuri, inasikia."

Onema akakaa. "Iko parsele moja, kiwanja cha pembeni ya depo yangu. Mama Halima njo mwenye anakaa pale. Barabara imetengenezwa, sasa ile parsele inaangalia barabara, na mimi naiangalia. Jumamosi tunaingia na kesi kwa shefu."

Hapa lazima usimame kidogo uelewe sheria ya kartie, yaani ya mtaa huu. Vita ilipoisha, watu walirudi mmoja mmoja kutoka vichakani, wakakuta wengine wamekaa katika viwanja vyao. Wazee wakakata shauri: aliyekimbia risasi, parsele yake inamngoja. Aliyeondoka kwa biashara zake, parsele ni ya yule aliyebaki akailinda. Sheria nzuri. Upungufu wake ni mmoja: hakuna aliyeandika nani alikimbia na nani alisafiri.

"Mimi nitasema yeye alienda na biashara yake," Onema akaendelea, "na mimi njo nililinda. Nililala pori nyuma ya ile parsele, mvua inaninyeshea, papasi wananikula."

"Na kweli ulilala pori?"

"Nilikuwa Kisangani kwa shemeji yangu. Chumba kilikuwa na vantilateri, upepo usiku kucha. Lakini hiyo ni siri ya damu yangu."

"Kwa hiyo unataka vitu viwili. Yako pozitif, yake negatif."

"Njo vile."

"Ya kwanza ni rahisi. Ya pili, Papa..." Bulaimu alivuta pumzi ndefu ya kisayansi. "Kufukuza askari katika damu ya mama muzima! Hiyo kazi inachosha. Inataka nitembee, niende huku, nirudi kule." Na macho yake yakatoka dirishani, yakatua juu ya ile pikipiki, yakakaa.

Onema aliyafuata macho yale mpaka yalipoishia. Uso wake ukazeeka.

"Dokta, una roho mbaya."

"Roho yangu ni pozitif, Papa. Lete kidole."

Mistari ikatoka miwili, minene, mizuri. Tangu vipimo vile vianze, hapakuwa na mimba iliyoonekana wazi kama ya Papa Onema.

Shefu wa kartie, Papa Hamidou, alipoambiwa kwamba sayansi inaweza kukata kesi, alifurahi mno. Alikuwa mtu wa amani, ndiyo maana kesi zote zilikaa kwake bila kuisha. Akamtuma Bulaimu akachukue damu ya Mama Halima.

Alimkuta anachoma mikate ya mchele mbele ya nyumba yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, imeegemea upande kama mtu anayesikiliza. Hakuwa na nyingine.

"Hodi kwa mama."

"Karibu, mwanangu. Umeleta msiba ao umeleta posa?"

"Nimetumwa na shefu. Nichukue damu kidogo, Jumamosi tujue kama ulilala pori."

"Mimi najua nililala pori. Wewe njo hujui. Basi chukua damu yako, uiulize kwa nini haijui." Akageuza mkate. "Na kabla hujanichoma, tegua hiki: niko na kambi, haina mulango, askari wake hawalipwi, na hakuna mukubwa mwenye anaweza kuwatuma vita."

Bulaimu akacheka. "Ni damu, mama."

"Ee, umesoma."

Alipokuwa akitayarisha sindano alishusha sauti, akawa mpole kama daktari wa kweli anayetaka kukutisha. "Mama, askari wanaweza kuonekana wengi ao wachache. Inategemea moyo wa mwenye damu. Nimeona mbuzi pale nyuma. Mbuzi muzuri. Mbuzi kama yule anaweza kufanya niangalie vizuri zaidi."

Mama Halima hakupandisha sauti. Alifuta mikono, akamtazama.

"Soudi, mume wangu, nilimuzika kule kijiji cha Tunda. Tulikimbia na miguu, yeye mbele, mimi nyuma na masufuria. Watu wa kule walitupa nyumba ya udongo, wakatupa na mihogo. Homa ikamukamata, ikamuacha, ikamukamata. Nilimuzika ndani ya shamba ya watu, na nguo ya kukopa. Leo unataka mbuzi juu ya kuniambia kama nilikuwa huko?"

Bulaimu alitazama viatu vyake. Dhamiri ilimchoma kweli, lakini kama kijiwe ndani ya kiatu. Akavua, akakung'uta, akaendelea.

"Na wewe," alisema Mama Halima, "ile homa unaijua, ao unaipima tu?"

Na hapo, sijui ni harufu ya mikate au ni nini, Bulaimu akasema kweli. "Naijua, mama! Wakati ya vita nilikuwa nasukuma chumvi na baiskeli kwenda Kibombo. Nikalala nyumba moja, asubuhi mugongo wote umeumwa. Homa ikanishika, kichwa kinapasuka, mifupa inalia. Ikaniacha, nikacheza ngoma. Nikadhani nimepona! Ikarudi. Ikaniacha, ikarudi. Mwisho nilikuwa nazungumza na baiskeli, na baiskeli inanijibu." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Hata leo nikiona ufa kwenye ukuta, silali."

"Pole, mwanangu," alisema Mama Halima, akampa mkate wa moto. "Kwa hiyo wewe damu yako imejaa askari."

Sauti ya kazi ikamrudia. "Imejaa kabisa! Mimi njo mufano!"

Kisha akamchoma kidole, akadondosha tone la chupa ya kwanza, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mustari moja. Pole, mama."

"Asante," alisema Mama Halima. "Jumamosi, basi."

Jumamosi kartie yote ilihamia uani kwa shefu. Kulikuwa na wauza karanga, kulikuwa na mama wenye watoto mgongoni, kulikuwa na wale mashujaa wapya waliokuja kuona namna fidia inavyoanza. Onema aliketi mbele na suti, na mke wake Bernadette pembeni. Kwa mara ya kwanza hakuja na pikipiki. Pikipiki ilikuja na Bulaimu.

Onema alisimulia vita yake kwa muda mrefu. Ilikuwa na mvua nyingi. Alipofika mahali ambapo papasi walimla tangu kisigino hadi shingo, sauti yake ilikatika, akaomba maji. Kisha Bulaimu akasimama na vile vipimo viwili juu ya sahani ya kioo.

"Shefu, wazee, wamama. Mimi siko upande wa muntu. Mimi niko upande wa kingamwili. Papa Onema: mistari mbili. Mama Halima: moja. Askari wa papasi hawatoki katika damu mpaka siku ya kufa. Kama hawako, hawakuingia. Kama hawakuingia, mama hakulala pori."

Uwanja ukaguna. Mama Halima akainuka.

"Shefu, kaburi ya mume wangu iko Tunda."

Papa Hamidou alijikuna shingo. "Pole, mama. Kweli, pole sana. Lakini kaburi haiwezi kuja hapa kutoa ushahidi. Sayansi imekuja."

"Basi vizuri. Na mimi nimekuja na yangu." Akatoa ndani ya kitenge kibuyu kidogo, kimezibwa kwa kitambaa. "Wazee wenye mulikaa upande wa Tunda, musaidie. Muntu wa kule akifunga safari ndefu, anabeba nini?"

Mzee mmoja nyuma akajibu: "Papasi wa nyumba yake."

"Kwa nini?"

"Wamuume njiani. Damu yenye imezoea papasi wake haigonjwi. Ukiwaacha muda murefu, damu inasahau. Siku unarudi, wanakuua."

Watu wakatikisa vichwa. Wengine waliwahi kuona vibuyu hivyo kwa bibi zao.

"Hawa nilitoka nao kule," alisema Mama Halima. "Nimewalea mpaka leo." Akatikisa kibuyu. Ndani kukasikika shaa, shaa, kama wengi wanapandana. Mstari wa mbele ukarudi ukawa mstari wa tatu. "Shefu, angalia."

Papa Hamidou aliangalia kwa jicho moja, kutoka mbali, kiti kikiwa tayari kimesimama kwa miguu miwili ya nyuma. Aliona ndani ya giza vitu vidogo vya duara, vya kung'aa, vyenye madoa ya kijivu.

"Wanene sana!"

"Wameshiba. Nimewalisha asubuhi." Na Mama Halima akaingiza mkono mpaka kifundo, akautuliza humo, akawasalimia watu kwa mkono mwingine. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwa niaba ya wote. Alipoutoa mkono alikiziba kibuyu kwa kitambaa na kuinua kichwa.

"Mimi negatif, njo nimefanya vile. Sasa wale pozitif! Papa Onema, wewe papasi wanakujua tangu kisigino. Karibu uwasalimie. Lakini kwanza dokta. Muntu wa laboratwari anatangulia, siyo? Mwanangu Bulaimu, ulisema wewe njo mufano."

Ah, Bulaimu! Kama angekuwa mwongo mtupu, angeingiza mkono. Onema alikuwa tayari anajikunja akiwaza kuingiza kidole kimoja, haraka, kutoka; yeye hakujua papasi ni nini zaidi ya neno. Lakini Bulaimu alijua. Uani pote, kati ya mashujaa wote wa mistari miwili, yeye peke yake aliwahi kuzungumza na baiskeli. Alipiga hatua, akasikia shaa, shaa, akairudisha hatua yake.

"Shefu," alisema, akishika mkono wa koti, "koti hii si ya mukono mufupi..."

"Ivue," alisema shefu.

"Leo nimefunga."

"Hawatakulisha. Wewe utawalisha."

Kibuyu kilisogea karibu na kifua chake. Ndipo Bulaimu akaanguka chini, akakumbatia miguu ya meza.

"Ni vipimo vya mimba!" alilia. "Vyote! Si vya papasi! Chupa ile moja ni maji ya mto, na ingine ni mukojo ya dada yangu! Askari wanapungua, yule binti alisema wanapungua, mimi sikutaka kusikia! Hata wangepima damu ya mama na mashini ya kweli, leo huwezi kujua! Papa Onema alikuwa Kisangani, chini ya vantilateri! Mutoe hiyo kibuyu!"

Halafu mama mmoja akauliza, kwa sauti ya kutaka tu kuelewa:

"Kwa hiyo Papa Onema iko na mimba?"

Uwanja ulianguka. Watu walishikana wasidondoke. Wauza karanga walimwaga karanga. "Papa, mutoto tutamuita nani?" "Usibebe saruji tena, Papa, utaharibu!" Wale mashujaa waliokuwa na mistari miwili ndio waliocheka kwa sauti ndogo kuliko wote, wakijitafutia njia ya mlango.

Onema alisimama kutetea ukweli. "Wongo! Nililala pori! Papasi..."

"Papasi?" Bernadette, mke wake, alikuwa ameinuka. "Kila mwaka nakuambia twende Kibombo kusalimia mama yangu. Kila mwaka unasema, Bernadette, nyumba ya udongo iko na wadudu. Mama yangu amezeeka ananingoja! Na kumbe wewe njo uliwalisha papasi na mwili wako muzima? Haya basi! Ingiza mukono! Ingiza, halafu kesho tuko njiani kwenda Kibombo!"

Onema alitazama kibuyu. Alitazama mke wake. Akakaa.

Papa Hamidou, ambaye hakuwahi kumaliza kesi, aliimaliza hii bila hata kuvaa miwani. Parsele ni ya Mama Halima. Mwenye kuigusa tena ataletwa hapa, na kibuyu kitaletwa. Na wewe, dokta, jua lisikukute tena Kindu.

Mnadhani Bulaimu alikimbia? Alikimbia, ndiyo, lakini alipofika kona akazunguka nyuma ya nyumba akatokea jikoni kwa Mama Halima, akiisukuma pikipiki kimya kimya. Maana alipokuwa chini ya ile meza, machozi yakimtoka, kichwa chake hakikuacha kazi. Aliona jambo ambalo watu wote hawakuliona: kipimo kinachohitaji chupa mbili, sindano na koti kilishindwa na kibuyu. Na kibuyu hakikuuma mtu yeyote! Hofu ndiyo ilifanya kazi yote. Kitu kama hicho, mahali ambapo hawakujui...

"Mama," alisema, "umenishinda. Sina kinyongo. Niuzie kile kibuyu."

"Watoto wangu? Nimewalea miaka yote."

"Parsele umeshapata. Hao wanakula damu yako bure."

"Na Onema akirudi na maneno yake?"

"Atarudi vipi? Shefu amefunga mudomo yake. Mama, nakupa hii." Akapiga kiti cha pikipiki. "Tairi mupya."

Mama Halima aliizunguka pikipiki kama mtu anayetazama ng'ombe. "Mwenyewe atakuja kuidai."

"Aidai! Mbele ya nani? Muulize tu: Papa Onema, ulimupa Bulaimu pikipiki juu ya kazi gani? Utaona kama atajibu."

Aliwaza. Alipapasa kibuyu mara ya mwisho, kama anayeaga. "Usikifungue ovyo. Usiwaweke juani. Na wewe mwenyewe, mwanangu, usiingize mukono. Damu yako imeshasahau."

"Mimi? Hata kuangalia siangalii!"

"Njo vizuri," alisema Mama Halima.

Bulaimu akavuka Lualaba kwa mtumbwi, kibuyu kikiwa mbele ya mtumbwi na yeye nyuma kabisa. Njia ya kwenda Lubutu ni ndefu na ina tope, na aliitembea kwa miguu, kibuyu kikining'inia kwenye ncha ya fimbo ndefu, mbali na mwili. Usiku alikitundika juu ya mti, akalala chini ya mwingine.

Huko Lubutu Bulaimu aliitwa Profesa. Waume waliodhani wake zao wanadanganya, wafanyabiashara waliodhani makarani wao wanaiba, wote walikuja. Profesa alieleza kwamba damu ya mkweli haiogopi. Alitikisa kibuyu. Shaa, shaa. Watuhumiwa walikiri hata mambo ambayo hawakuulizwa, na wasiokuwa na la kukiri walitoa kuku ili wasiingize mkono. Bulaimu akanenepa. Alianza kufikiria miji mikubwa.

Ndipo akaletwa mzee Elie, aliyesingiziwa kwamba alisogeza mpaka wa shamba. Mzee alisikiliza maelezo yote ya Profesa, akakohoa, akasema, "Leta." Na kabla mtu hajamshika, mkono ulishaingia. Watu wakafunika macho. Mzee akachota ndani, akatoa kiganja, akakisogeza karibu na pua. Akachukua kimoja, akakiweka juu ya jiwe, akakikanyaga kwa kisigino. Hakikutoka damu. Yalitoka mafuta.

"Profesa," alisema, "hii ni mbarika. Mke wangu anaipanda nyuma ya choo, anakamua mafuta ya kuharisha. Wewe unaita nini?"

Bulaimu alisogea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama ndani ya kibuyu. Mbegu za duara, za kung'aa, zenye madoa ya kijivu, kila moja na kichwa kidogo mbele kama papasi aliyekunywa akashiba. Hapakuwa na mguu hata mmoja.

"Kuku wangu," ilisema sauti moja nyuma ya umati.

"Na wangu," ikasema nyingine.

Wanasema Bulaimu alikaa chini palepale, akacheka mpaka watu wakadhani homa imempanda, na alipoulizwa anacheka nini alisema tu, "Tairi mupya, jamani. Tairi mupya!" Waliokuja kudai kuku walingoja amalize, kwa heshima, kisha wakaanza kukunja mikono ya mashati.

Huko Kindu mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Pikipiki nyekundu ilikuwa imekwenda kuleta mchele Kibombo. Mama Halima alikuwa ameinama kwenye mpaka wa parsele yake, upande wa depo, akichimba vishimo na kudondosha kitu katika kila kimoja, mstari mnyoofu tangu barabarani mpaka nyuma ya nyumba. Onema alitoka, akasimama kwenye mlango wa depo, mbali.

"Mama Halima, unapanda nini hapo?"

Mama Halima alinyoosha mgongo, akafungua kiganja.

"Njoo karibu uone, Papa Onema."

Hakuja.